Maharage Yanayoningoja Darini

Ujerumani,
Jumanne baada ya Sikukuu ya Mavuno ya huku

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika neno hili nikijua kwamba ukilifikia utaitikia marahaba kwa sauti kubwa, kana kwamba nimesimama mlangoni, na Mama atauliza kutoka jikoni unaongea na nani. Mwambie ni mimi. Mpe naye shikamoo yake, halafu mwambie aepue alichobandika aje akae, maana barua hii si ya kusikilizwa na mtu aliyesimama.

Hamjambo huko? Goti limekubali dawa, au bado unalisingizia kila unapotumwa dukani? Na kifua cha Mama kikoje, sasa ukungu unapoanza kupanda na kuingia mpaka chini ya vitanda? Mimi ni mzima. Vidole vimepasuka kwa baridi na sabuni, na Kijerumani bado kinanikwama kooni, lakini nakula, nalala na nasali. Kinachoniuma si mwili.

Barua hii anakuletea Mchungaji wetu mwenyewe, ambaye amekuwa huku na wenzake kuutembelea usharika rafiki. Nimeifunga kwa gundi na juu yake nimezungushia uzi. Simshuku mtumishi wa Mungu, ila namjua: habari ikikaa mfukoni mwake humwasha.

Basi, Baba, uliniagiza. Alfajiri ile naondoka, basi limeshawaka na utingo anapiga bodi, wote waliniambia nivae nguo nzito na nisiache kuandika. Wewe ulisogea dirishani ukasema, "Kaniangalizie hii sikukuu ya mavuno ilikotoka." Nilicheka, maana nilijua ni ule ubishi wako na Baba Mkubwa. Nimekua nikiusikia. Wewe husema sikukuu hii tuliletewa na wamisionari wa Kijerumani pamoja na kengele na miche ya plamu. Baba Mkubwa husema wazungu walileta kengele tu. Mavuno Wasambaa walikuwa wakiyashukuru tangu enzi za Zumbe, chifu wao wa kale, na mama yenu hakuthubutu kuonja hindi bichi la mwaka kabla mkubwa wa nyumba hajaonja na wa kale hawajawekewa chao. Ubishi huo mmeulima miaka yote na hakuna aliyevuna. Sasa shahidi wenu amefika kwenye tukio, na anawaomba mnyamaze wote wawili mpaka amalize.

Mwaka jana sikuweza kukujibu kwa sababu Jumapili yenyewe ilinikuta zamu. Kazi yangu unaijua: nyumba ya kutunzia wazee, mali ya kanisa, katika kijiji cha mashariki ya nchi, upande ule uliokuwa wa wakomunisti. Nawaogesha wazee, nawavisha, nawalisha wasioweza kushika kijiko. Mwanzoni nilikuwa nalia nikiwaza hawa watoto wao wako wapi. Sasa silii tena kwa hilo, nimeshajua kwamba wengine wako mbali kama mimi nilivyo mbali nanyi, na wazo hilo likinijia huwa nageuza godoro kwa nguvu zaidi.

Nchi ya huku ni tambarare, Baba. Jicho linakwenda mpaka linachoka na halioni pa kuegemea. Sisi tuliozoea kusimama Mtae na kuiona nyika ya Mkomazi iko chini ya miguu yetu, huku tunajiona kama tumetelemshwa mlimani tukaachwa bila kuambiwa njia ya kurudia. Miezi ya kwanza nilikuwa nafungua pazia asubuhi nikitafuta mlima, naona viazi tu. Mwezi huu wameshavichimba, sasa naona udongo.

Katika wazee ninaowatunza yuko mmoja anaitwa Bibi Hedwig. Ni mjane wa mkulima, miguu imekataa, yuko kwenye kiti cha magurudumu, lakini ulimi wake haujazeeka hata siku moja. Wewe na yeye mngegombana vizuri sana. Yeye ndiye aliyenieleza habari za sikukuu yao, kila asubuhi kipande, wakati namchana nywele.

Anasema bibi yake alikuwa halivuni shamba la ngano likaisha. Fungu la mwisho liliachwa limesimama, wakalifunga utepe na maua, wakaondoka bila kugeuka nyuma. Nikamuuliza liliachiwa nani. Akasema wengine walisema ni la ndege, wengine walisema ni la farasi wa yule mzee wa kale apitaye angani wakati wa upepo, na mchungaji wao alikuwa akiliona na kugeukia upande mwingine. Baadaye fungu hilo likaanza kupelekwa nyumbani, likatundikwa ghalani mpaka msimu mwingine. Kanisa lilikuja likalikuta tayari, likaliingiza ndani. Halafu mfalme wao mmoja wa zamani akaamuru Jumapili moja iwe ya shukrani kwa nchi yake yote, watu waache kila kijiji kushukuru kwa siku yake.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, kitana mkononi, maana nilimwona Baba Mkubwa akijipigapiga kifua. Mwambie asifurahi sana, habari haijaisha.

Bibi Hedwig anasema alipokuwa msichana, yule mtawala wao aliyeleta vita kuu aliichukua sikukuu akaigeuza mkutano wake wa siasa. Walisombwa kwa magari-moshi na nguo zao za kijijini, wakasimama mlimani kutwa nzima wakipunga mikono, wakarudi na njaa ilhali inaitwa sikukuu ya chakula. Baada ya vita wakaja wakomunisti, wakayaunganisha mashamba yote kuwa ya ushirika, na sikukuu ya kanisani ikabaki ya vikongwe. Sasa hao nao wameondoka, mashamba yamegawanywa tena, kila mtu na lake, kila mtu na bei yake. Nikamwambia hayo hayanishangazi. Nikamweleza kwamba hata kwetu sikukuu ya wakulima, wakubwa wa serikali waliihamisha, ilikuwa Saba Saba, sasa ni Nane Nane, na wakulima hatukuulizwa, tulienda tu na mahindi yetu tarehe tuliyotajiwa. Akafurahi sana kusikia kwamba na sisi tunahamishwahamishwa.

Sasa Jumapili yenyewe. Niliomba ruhusa mapema, nikapewa, pamoja na kazi ya kumsukuma Bibi Hedwig mpaka kanisani. Mchungaji wetu na wenzake walikuwa wafike siku hiyo hiyo kutoa salamu. Baba, sikulala vizuri. Nilikata kabichi moja bustanini kwetu hapa kazini, kubwa, nikaifuta umande nikaifunga kwenye kanga yangu, kwa sababu mtoto wako hawezi kwenda sikukuu ya mavuno mikono mitupu.

Niliingia mlangoni nikasimama. Madhabahu ilikuwa ni ya kwetu. Maboga, karoti, viazi, matofaa, mahindi yamening'inizwa kwa maganda yake, mkate mkubwa kama kigoda, chupa za asali. Juu wametundika taji lililosukwa kwa masuke ya ngano. Ndizi na miwa havikuwapo, na hakukuwa na mbuzi amefungwa nje akilia wakati wa mahubiri, lakini kingine chote kilikuwa kile kile, hata namna ya kuegemeza malenge kwenye ngazi ili yasibiringike. Wimbo ulipoanza ulikuwa ule wetu wa kufungulia. Wao wakaimba Kijerumani, mimi nikaimba Kiswahili, na katika ubeti wa pili nikashindwa kuimba. Bibi Hedwig alinipa kitambaa chake bila kunitazama. Hivyo Baba, hapo na wewe una pointi yako: kwa madhabahu na wimbo, ndiko ilikotoka. Wamisionari hawakuipunguza wala kuiongeza.

Kosa langu lilikuja baada ya baraka.

Wewe unajua kwetu baraka ikishatolewa sikukuu ndiyo inaanza. Watu hutoka haraka kutafuta nafasi nzuri kwenye nyasi, vitu vinatolewa madhabahuni vinadiwe, debe linapinduliwa, nawe unapanda juu ya benchi na fimbo yako. Kwa hiyo niliposikia amina nilimsukuma bibi wa watu mbio mbio mpaka uani ili tuwe mbele. Uani hapakuwa na mtu. Nikangoja. Watu wakatoka polepole, wakaingia ukumbini kunywa kahawa na keki. Nikasema moyoni, hawa wanaanza na chai, vizuri, kila nchi na utaratibu wake. Nikaingia nami. Kahawa ikanywewa, keki ikaliwa, na vitu vikaendelea kukaa kanisani kama vimesahauliwa.

Hatimaye mama mmoja, mtunza kanisa, alipita ukumbini amekumbatia boga kubwa la manjano. Nikasema moyoni, sasa ndiyo inaanza. Nikainua mkono nikasema kwa Kijerumani changu, na kwa sauti uliyonifundisha wewe, "Mark tano!"

Yule mama alisimama, akanitazama, akatazama viatu vyangu. Kisha akaja karibu na kuniambia kwa upole wa kumwambia mgonjwa kwamba sina haja ya kulipa. Alisema hivi vitu havikuwekwa viuzwe, vinakwenda kwa wahitaji, na kama nina shida ya chakula nisione aibu, nichukue tu. Akaliweka lile boga mapajani mwangu. Mwingine akaleta mfuko, akaanza kunitilia viazi.

Baba, niliwaka uso. Mimi, mtoto wa mnadi wa Mtae, nimeinua mkono nikahesabiwa omba-omba. Maneno yote ya Kijerumani yalinikimbia. Nilitamani nyumbani mpaka nikahisi harufu ya majani ya ndizi. Nilikuwa nimekaa na boga mapajani na viazi miguuni, na machozi yameshafika mlangoni, ndipo nikasikia sauti kavu ubavuni mwangu.

"Sita," alisema Bibi Hedwig.

Watu walimgeukia. Akawatazama wote kwa zamu, akasema kwamba huyu msichana hana njaa, anataka kununua boga, na kwamba yeye naye analitaka, na amesema sita. Kuna mtu ana saba?

Mchungaji wetu alikuwa upande wa pili na sahani ya keki. Ndiye aliyeangua kicheko kwanza, kisha akaeleza kwa njia ya mkalimani kwamba kwetu mavuno ya madhabahuni hunadiwa, tajiri na maskini wanashindana mbele ya Mungu, mtu hununua yai kwa bei ya kuku na kulirudisha linadiwe tena, na mjane huenda nyumbani amebeba mkungu alionunuliwa na mtu aliyemzidi. Wakasikiliza. Mzee mmoja akauliza kama inaruhusiwa kujaribu. Na Mchungaji, ambaye siku nyingine namheshimu, akaninyooshea kidole akasema, "Baba yake ndiye mnadi wetu. Mpeni huyu ndoo na kijiko."

Basi nilipanda juu ya benchi. Ndoo ya maua ikapinduliwa, nikaigonga kwa mwiko wa supu. Sikujua nitasema nini. Nilifungua mdomo ukatoka wewe, Baba. Nilisema kwa Kisambaa, kwa Kiswahili, kwa Kijerumani kilichovunjika, sijui waliokota nini. Kuna bwana mmoja mnene aliinua kidole nusu, nami nikamwuliza kama unavyowauliza wale wa kwetu, "Wewe mghosi, mzee mzima, umeinua mkono au unajikuna?" Mkalimani akafasiri. Walicheka mpaka wazee wengine wakafuta macho. Bibi Hedwig alilinunua lile boga kwa bei ya aibu na hapo hapo akasema linarudi mnadani, hana meno ya kulitafuna. Lilinunuliwa mara tatu. Kabichi yangu ilikwenda kwa yule yule mama aliyenitilia viazi, na aliponipa mkono niliushika kwa mikono yangu miwili. Hela walikubaliana ziende kwenye paa la kanisa lao, maana linavuja, usidhani ni la kwetu tu.

Kwa hiyo jibu la agizo lako ni hili. Madhabahu ni yao, shukrani ni ya kila aliyeshika jembe kabla hata ya kengele, na mnada ni wetu. Nimeuliza kila mtu, mnada hawakuuleta wao. Nani aliuanzisha sijui, lakini ni mtu wa kule kwetu, na nadhani alikuwa na kelele kama zako. Hapo gawaneni ushindi na Baba Mkubwa, mnyweshane chai.

Ningependa kuishia hapa. Lakini nilipotelemka kwenye benchi, koo limekauka, Mchungaji alinivuta pembeni akasema nimemkumbusha jambo. Alilieleza kwa kucheka, kama kichekesho cha usharika. Mimi sikucheka.

Alisema mwaka huu vitu madhabahuni vilikuwa vichache, kwa kuwa kabichi na karoti siku hizi zinapakiwa kwenye malori ya Dar es Salaam zikiwa shambani bado, na vijana wengi huleta bahasha. Lakini Mama alileta ungo wa maharage kwa jina langu, yale ya madoadoa ya shamba la chini, kama alivyoleta mwaka jana, maana kwetu mtu aliye mbali naye ana fungu lake. Alisema ulilitaja jina langu, watu wakashangilia, na yule mfanyabiashara mwenye duka kubwa pale stendi akaanza kupandisha. Bei ilipanda. Na wewe, uliyenifundisha tangu nikiwa nashika shuka lako kwamba mnadi hanunui, kama vile refa hafungi goli. Wewe uliyewahi kuacha majimbi ya shamba lako mwenyewe yaende kwa mtu uliyekuwa humsemeshi, kwa sababu sheria ni sheria. Ulinyamaza katikati ya mnada. Ukatelemka. Ukampa mzee mwenzako fimbo, ukaenda kusimama na wanunuzi, ukainua mkono.

Mchungaji anasema hata watoto waliacha kucheza wakageuka kutazama. Yule mwenye duka alitaka kuongeza, Mama akamtazama, akashusha mkono kama aliyeungua.

Ulipewa ungo wako. Watu wakangoja useme unarudi mnadani, kama ilivyo desturi, au umpe mjane. Ukasema, "Haya hayanadiwi tena. Mwenyewe atayapika." Ukampa Mama, ukarudi juu ya benchi, na Mchungaji anasema tangu hapo sauti yako ilikwaruza mpaka mwisho. Anasema maharage hayo umeyachanganya na majivu mwenyewe, ukayafunga ukayatundika kwenye dari la jikoni, na mtu haruhusiwi kuyagusa, hata wageni wakija.

Nilimuuliza Mchungaji ulimpa ujumbe gani aniletee. Akasema, "Alisema nikuambie hawajambo. Na ufanye kazi."

Baba, sikiliza. Mkataba wangu unaisha mwezi wa kumi na mbili, na mkuu wa nyumba hii amenitaka nibaki miaka miwili mingine. Ni mama mwema, hajanionea. Alinipa mpaka Ijumaa hii nimjibu. Nilikuwa nimeshajiambia nitakubali. Nilijiambia mengi: kwamba kwetu kahawa mmeng'oa, kwamba hospitali za kwetu zinapunguza watu badala ya kuajiri, kwamba nyie wenyewe hamjaniita. Hilo la mwisho nililishika sana. Kila barua yenu ninaisoma nikitafuta neno "rudi", na kila barua inasema hamjambo, fanya kazi. Nikadhani mmezoea. Wala sikulaumu, ila usiku ule nilipodhani hivyo nilijihisi mtu asiye na kwao.

Jana asubuhi nilikuwa namchana Bibi Hedwig, kitana kinakwenda ovyo, akanishika mkono akauliza nina nini. Nikamsimulia habari za maharage. Alikichukua kitana mkononi mwangu, akakiweka mapajani. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa ameligusa katika hadithi zake zote. Mwaka ambao kaka yake alichukuliwa kwenda vitani, mama yao alilitundika lile fungu la mwisho la ngano ghalani, akasema halipurwi mpaka mwanawe aje alipure kwa mikono yake. Msimu ukapita, na mwingine. Walileta mafungu mapya, lile likabaki pale pale.

Nikamuuliza ikawaje. "Panya walilimaliza," alisema. "Kaka yangu alikuwa na sababu ya kutorudi, alikuwa chini ya udongo. Wewe una sababu gani?"

Nilitafuta yote niliyokuwa nimejiambia, nikaona hakuna lililotosha kuwekwa mbele ya mwanamke yule. Nakupenda na nimewakumbuka, nasema wazi kwa kuwa wewe hutasema na mmoja wetu lazima aseme. Nimekumbuka moshi wa jikoni, na bada ya Mama, ule ugali wake wa muhogo, na mboga ya mnavu, na kelele zako asubuhi ukimtafuta mwenye kuhamisha jembe. Nimekumbuka hata goti lako.

Na kuna jambo ambalo wewe na mimi tunalijua, kwa kuwa ni Mama aliyetufundisha wote. Majivu huzuia fukusi msimu mmoja. Msimu wa pili wanatoboa. Miaka miwili hakuna maharage yanayokaa, hata yangefukizwa moshi mchana na usiku.

Leo kabla sijakaa kuandika nimeshuka ofisini. Sikungoja Ijumaa. Mkuu wa nyumba alinisikiliza, akasikitika, akanishika bega. Bibi Hedwig nilipomwambia alikunja uso akasema basi ni nani atakayemchana, halafu akaniagiza nikifika nimsalimie yule mnadi aliyevunja sheria yake mwenyewe.

Nisalimieni wote. Msalimie Baba Mkubwa, mwambie ushahidi nimeuleta kamili na sikula rushwa. Msalimie kaka Zefania, na mkewe ambaye mtoto wake mdogo sijamwona bado. Mwambie kaka apeleke kabichi zake kwenye lori lakini aache moja ya madhabahuni. Msalimie shangazi wa Mlola siku atakapokuja gulioni. Na jirani yetu Mama Hadija, ambaye kila mwaka huja mnadani kwetu na kanga yake ya Idi kutunyang'anya ndizi nzuri, mwambie ajiandae, safari ijayo nitashindana naye.

Wewe, Mama, unayesikiliza hapo, sikukuandikia barua yako peke yako kwa sababu hii yote ni yako. Kile chungu kikubwa usimpe mtu. Nitakuwa kwenye basi la Jumapili, ile ya mwisho kabla ya Krismasi, na likipita Malindi, ile yetu ya mlimani, nitaanza kuhesabu kona. Jumamosi ya kuamkia siku hiyo, jua likitua, mruhusuni Baba apande darini.

Yalowekeni.

Mwanenu,
Naomi